Dalali wa Samaki wa Vioo

Dalali hakuwahi kula nyumbani kwetu bila kwanza kuinusa sahani. Alikuwa amemwoa dada yangu mkubwa, Zaina, na kila alipokuja kutusalimia mama alijifungia jikoni akipika kwa wasiwasi, mimi nikatumwa kumtandikia mkeka na kumpelekea maji ya moto na sabuni. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Alisafisha kucha moja moja kwa kijiti. Kisha aliichukua sahani tupu, akaigeuza, akaipeleka puani, nasi tukasubiri hukumu. Siku nyingine alinirudishia.

"Shemeji, hii haikusuguliwa vizuri," alisema kwa upole. "Mwambie mama asihangaike, nitakula nikifika kwangu."

Mama aliipokea ile sahani mikononi mwangu, akaisugua upya kwa majivu, na mgeni akawa ameshaondoka. Ndiyo maana mpishi wa klabu ya Wazungu aliponiambia kwamba shemeji yangu humeza samaki hai mbele za watu, nilimwambia aende akamdanganye mwingine.

Jina alilopewa na wazazi wake silitaji. Hata dada yangu alimwita dalali, na yeye alipenda kuitwa hivyo. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kunadi ng'ombe na ngozi siku za soko la Lushoto, na kwa kazi hiyo sikuona wa kumshinda. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na namna ya kukufuata. Nilimsikia siku moja akimnadi ng'ombe mchechemeaji. Hakuficha mguu mbovu. Aliuonyesha kwa fimbo, akasema, "Huyu hatakimbia shamba la jirani. Huyu hatakugombanisha na mtu. Mwenye jirani mkorofi na asogee." Watu wakacheka, wakasogea, na yule ng'ombe akaenda kwa bei kubwa kuliko wazima wawili waliomtangulia. Aliyemnunua alipokuja kulalamika wiki iliyofuata, dalali alimshika bega, akamnunulia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, na mtu yule akaenda zake akimshukuru.

Wazungu walimwona hapo sokoni. Wakati ule wengi wenye mashamba ya mkonge kule chini Mombo na Korogwe walikuwa na nyumba za kupumzikia Lushoto kwa sababu ya baridi, na baadhi yao walikuwa wameanzisha klabu ya kufuga samaki kwenye makasha ya vioo. Si samaki wa kula. Ni vidudu vidogo kama kidole cha mtoto, vingine vyekundu, vingine vya buluu, vingine na mikia mirefu kama kitambaa kilicholowa. Kila baada ya miezi kadhaa walikutana uwanjani nyuma ya klabu, wakapanga chupa za jamu juu ya meza ndefu zilizotandikwa shuka nyeupe, kila chupa na samaki wake. Pembeni waliweka madebe ya majani yanayoota majini na vikapu vya maua ya porini. Kisha wakauziana wao kwa wao. Mmoja wao akaona itakuwa kichekesho kizuri kumwita yule Msambaa wa soko la ng'ombe awanadie. Walimchukua kwa mzaha, lakini wakakuta bei zinapanda, basi wakabaki naye.

Sisi kijijini, juu kidogo ya Lushoto upande wa njia ya Malindi, ile ya kwetu mlimani, tulisikia habari hizo tukacheka. Dalali hakucheka. Aliiweka ile kazi mbele ya kila kitu. Alijishonea koti, akajifunza maneno ya Kiingereza ya kuhesabu na ya kusifu, akaanza kuleta samaki na maua yake mwenyewe ili auze pamoja na ya Wazungu. Mpishi alitusimulia ujanja wake. Samaki akiwa amelala ubavu, karibu kufa, dalali aliishusha chupa chini ya meza akaigonga kwa ukucha kabla ya kuiinua. Samaki alishtuka, akarukaruka, na mnunuzi akadhani ni uchangamfu. Waliokufa kabla ya zamu yao aliwamwaga majanini, na kunguru walishajua siku za mnada. Mpishi alisema kuwa jua likipanda harufu ya pale ilikuwa ya kuziba pua, na wale mabibi waliivumilia wakiwa na leso zenye manukato, wakiendelea kuinua vidole vyao kupandisha bei.

"Huwaonei huruma viumbe wale?" nilimuuliza dalali siku moja alipokuja na tenga limefunikwa kwa majani mabichi.

"Shemeji, wengi wakifa, anayebaki bei yake inapanda," alisema. Alilisema hilo kwa uchangamfu, kama mtu anayekufundisha namna ya kukoleza chumvi.

Maua nayo yaliniuma kwa namna yake. Karibu na chemchemi tuliyochota maji palikuwa na mwamba wenye kivuli, unaovuja maji mwaka mzima, na juu yake yaliota yale maua ya zambarau yenye majani ya manyoya laini. Hakuna aliyeyapanda na hakuna aliyeyahitaji kwa lolote. Wasichana tulikaa pale kusubiri ndoo zijae. Dalali aligundua kwamba Wazungu wanayagombania, akaja na panga na magunia, akaukwangua ule mwamba kuanzia chini mpaka alipoweza kufika, mizizi na udongo na kuvu zake. Ulibaki umechunika kama goti la mtoto aliyeanguka. Mzee mmoja alimwambia kuwa ukiuvua mwamba nguo zake maji yatakasirika. Dalali akamjibu kwa heshima zote kwamba maua yatarudi kuota, mzee wangu, yana kazi gani nyingine. Hayakurudi kuota maisha yangu yote niliyoishi pale.

Sasa nitasema jambo lake jema, maana nisipolisema nitakuwa namnadi kwa ubaya kama yeye alivyonadi kwa uzuri. Mama yangu alishikwa na homa kali wakati wa masika, njia zote zikiwa tope. Baba alizunguka nyumba za wanaume kuomba wabebaji, na kila mmoja alikuwa na udhuru. Dalali alipopata habari aliacha soko katikati. Alikuja, akafunga machela kwa mikono yake, akawaita vijana wa kwao, akashika upande wa mbele yeye mwenyewe, akambeba mama mpaka hospitali ya misheni bila kumwachia mtu mwingine upande ule. Mama alitapika njiani na matapishi yakammwagikia mgongoni. Mtu yule yule aliyenusa sahani hakugeuka wala hakuitua machela. Alirudi kwetu shati limemgandia, akanywa chai yetu kwenye kikombe chetu, akaenda. Mama alipona. Tangu siku hiyo baba alikuwa hataki kusikia neno baya juu ya mkwewe, na mimi ningependa kuishia hapo kama baba.

Lakini kuna utupa.

Utupa ni majani ambayo wazee wetu waliyatwanga na kuyatia kwenye kidimbwi kilichojitenga ili samaki walewe waelee. Hakuna aliyeyatia kwenye maji yanayotembea, kwa sababu kila mtu ana jirani chini yake. Mnada mkubwa ulipokaribia, Wazungu wengi wakitarajiwa kupanda kutoka bondeni, dalali alitaka samaki wadogo wa mkondo wetu, wale wenye mstari mwekundu ubavuni ambao ni wagumu kunaswa. Alitwanga utupa akaumwaga kwenye mkondo juu ya chemchemi yetu, yeye na vibarua wake, alfajiri. Samaki waliolewa waliwatia haraka kwenye madebe ya maji safi, wachache wakazinduka. Waliobaki waliachwa.

Tulipofika kuchota tulikuta maji yamefanya povu. Samaki, vyura na kaa wamelala ukingoni matumbo juu. Jua lilipowapata walivimba, wakapasuka, na inzi wakawa wengi kiasi kwamba ungesikia mvumo wao kabla hujaona maji. Tuliitoa mizoga kwa mikono na majani ya migomba. Nilinawa siku hiyo mara nyingi kuliko alivyowahi kunawa dalali, na harufu ikabaki chini ya kucha. Watoto waliokunywa walishikwa na tumbo. Wazee wakasema tusichote pale mpaka mvua ioshe, twende kijito cha upande wa pili, chini ya genge, ule ukingo mkali wa mlima.

Dada Zaina alikuwa amekuja kwetu kungoja kujifungua, na mimba kubwa, ya kwanza kufika pale baada ya kusubiri kwa muda mrefu. Njia ya genge ni ya udongo mwekundu, na usiku ule mvua ilinyesha kidogo, si ya kuosha mkondo, bali ya kutosha kuifanya njia iwe kama sabuni. Asubuhi alikuwa nyuma yangu na debe kichwani. Sikumwona akiteleza. Nilisikia debe likigonga mawe, nikageuka, naye alikuwa chini ya njia ameshika tumbo, ananiangalia kana kwamba mimi ndiye nitakayemwambia kilichotokea.

Wanawake walimbeba mpaka kwetu. Mkunga alimwangalia, akatoka nje, akamwambia baba, "Muiteni mume wake. Mtoto huyu hatakaa, na mama mwenyewe sijui." Baba mguu wake ulikuwa mbaya siku hizo, kwa hiyo nilikwenda mimi, nikishuka mbio mpaka Lushoto na damu ya dada ikiwa kwenye kanga yangu.

Mpishi wa klabu alinipitisha jikoni, akanisimamisha penye ua wa michongoma. Hapo ndipo nilipouona mnada kwa macho yangu. Meza nyeupe, chupa zinang'aa juani, Wazungu wamekaa kwenye viti vya turubai na bilauri zao. Dalali alikuwa ndani ya koti lake, anatokwa jasho, amependeza. Aliinua chupa juu.

"Mtazameni bwana harusi! Koti jekundu, mkia umepigwa pasi! Nani ana bibi harusi nyumbani?"

Walicheka, ingawa nadhani wachache tu walielewa. Hakuna aliyeinua kidole. Dalali akaongeza maneno, akazunguka na chupa, bado hakupata mnunuzi. Ndipo Mzungu mmoja mwenye sharubu akapiga kelele jambo fulani, wengine wakapiga makofi kwa mpigo mmoja, kama watu wanaoomba ngoma wanayoijua. Dalali aliinama kama mtu anayekubali heshima. Akatia vidole viwili kwenye chupa, akamtoa yule samaki, akamshika kwa mkia ili wote waone anavyopinda, akafungua mdomo, akamwachia. Koo lilipanda likashuka. Akafungua tena mdomo kuwaonyesha kuwa ni mtupu. Wanawake walipiga yowe la furaha, na sarafu zikaanguka majanini miguuni pake. Aliziokota moja moja, huku akitabasamu.

Mpishi alikwenda akamnong'oneza. Nilimwona dalali akitikisa kichwa kukubali, kisha akainua chupa nyingine.

Sikungoja tena. Nilipita katikati ya viti. "Shemeji," nilisema kwa Kisambaa, "Dada ameanguka njia ya genge. Mtoto anatoka. Mkunga anakuita."

Hakuacha kutabasamu. Uso ulibaki kwa Wazungu, mdomo tu ndio ulioongea nami, na ulinuka tope la chini ya maji. "Yuko hai?"

"Yuko hai, lakini..."

"Basi nimalize meza hii."

"Meza?"

"Samaki wangu wako meza hii, shemeji. Wale wa mkondoni. Nikiondoka hawatanunuliwa, watakufa hapa bure. Kaa pale kivulini."

Akaniwekea mkono begani, akanigeuza taratibu kuelekea watu, akasema kitu kwa Kiingereza. Wote waliangua kicheko. Mpaka leo sijui alisema nini. Huenda aliwaambia mimi ni bibi harusi wa yule samaki. Walicheka wakiniangalia mimi na damu kwenye kanga yangu, ambayo labda waliidhania rangi, na mkono wake uliolowa ulikuwa bado begani mwangu.

Nilitapikia penye ua. Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye kofia ya ukindu, alikuja akaniletea bilauri ya maji, na alikuwa na huruma ya kweli usoni. Nikaitazama bilauri ile, nikatazama meza, sikuweza kunywa. Nyuma yetu sauti ilikuwa inaendelea, haijapungua wala kutetemeka, inawasifu samaki wenye mstari mwekundu ubavuni. Walinunuliwa wote. Nilirudi peke yangu.

Dalali alifika kwetu jua likizama, amebeba kanga mpya na kilo ya sukari. Mtoto alikuwa ameshazikwa, mvulana. Dada alikuwa amelala akitazama ukuta. Dalali alisimama mlangoni akaomba maji ya kunawa, na baba, baba yangu mwenye mguu mbaya, ndiye aliyemmiminia. Alinawa mpaka kwenye viwiko. Kisha alikaa chini uani akalia kwa sauti, akilia na kusema, mpaka majirani wakaja, wakamshika mikono, wakamwambia avumilie kwa kuwa Mungu ndiye mpaji. Sikujua kama analia kweli. Nilimtazama sana usoni ili nijue, sikujua.

Wazee walimwita kwa jumbe, mkuu wa kijiji, kwa sababu ya utupa. Mimi na wanawake wengine tulisimama nyuma kusikiliza. Alisimama, akawasalimu mmoja mmoja kwa cheo chake, akakubali kosa nusu na nusu nyingine akaigawa kwa vibarua wake, akaeleza jinsi samaki wa mlima wetu watakavyopelekwa Ulaya na jina la milima yetu litajwe huko. Mahali fulani akawafanya wacheke. Mwishowe akatozwa mbuzi, na mbuzi akachinjwa pale pale, na watu ambao watoto wao walikuwa wamelala na tumbo wakala nyama, wakalamba vidole. Niliondoka. Sijui ni nani alinichukiza zaidi siku hiyo.

Nilidhani dada hatarudi kwake. Alipopata nguvu alifunga mzigo wake.

"Unarudi kwa yule?" nilimuuliza. "Nilikuambia alivyosema. Nimalize meza."

"Nimesikia."

"Na samaki nilimwona anammeza."

"Hilo nalijua siku nyingi," alisema. "Akirudi huwa anatapika nyuma ya nyumba. Usiku wake halali. Wewe hujaolewa, Asha. Unamwona mtu mara moja, unafikiri umemwona."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

Alikaza fundo la mzigo. "Nimesema narudi kwangu. Hilo lingine umelisema wewe."

Hatukuzungumza tena habari hizo. Nilipoolewa nilihamia upande wa Rangwi, tukalima kabichi na viazi, na nilimwona dalali kwenye misiba na harusi tu, kwa mbali, nikihakikisha sikai mahali ambapo nitalazimika kumpakulia chakula.

Mara ya mwisho kukutana naye ana kwa ana ilikuwa miaka mingi baadaye, siku hizo watu wameanza kusema waziwazi kwamba Waingereza watakwenda. Nilikuwa nimekuja kumwangalia mama. Paliitishwa mkutano kijijini kuhusu kulinda vyanzo vya maji, kwa sababu vijito vilikuwa vinapungua, na bwana shamba alikuja na karani wake kutangaza kamati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa dalali. Alisimama kwa kanzu nyeupe na koti jeusi, ndevu zimeingia mvi, akazungumza juu ya chemchemi. Alizungumza vizuri. Alisema maji ni amana ya aliye chini yako, alisema miti ya kandokando isikatwe, mawe yasikwanguliwe, sumu isitiwe. Watu walipiga makofi, na bwana shamba aliandika. Wale waliokuwa na umri wa kukumbuka walitazama vidole vya miguu yao, kisha nao wakapiga makofi.

Mkutano ulipokwisha alisimama penye njia ya kutokea, na watu wakapita mbele yake mmoja mmoja kumpa mkono. Shikamoo, mzee. Marahaba. Shikamoo. Marahaba, hujambo? Watoto je? Dada Zaina alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, amezeeka, ametulia. Nilitafuta njia nyingine ya kutoka, lakini mama alikuwa ameniegemea mkono na huko kwingine kulikuwa na mteremko. Zamu yetu ikafika. Mama alisalimiwa naye kwa adabu kubwa, akapita. Nikabaki mimi.

Sikusema kitu. Niliamua hivyo kwa moyo wangu wote, na nikamtazama machoni ili ajue kuwa sijasahau kusalimu. Kule kwetu mwanamke hamnyimi mtu wa umri ule shikamoo labda awe amerukwa na akili. Dada alinitazama akageuza uso.

Dalali alisubiri, mkono wake umenyooshwa, safi, kucha zimekatwa. Hakukasirika. Alisogea karibu kidogo, akashusha sauti ili nisikie mimi tu.

"Angekuwa ameanza kuota ndevu sasa," alisema. "Mwanangu. Huwa namkadiria."

Nilitaka kumwambia asimtaje. Nilitaka kumwambia kwamba hana haki ya kunitolea maiti ya mtoto yule mbele za watu, mahali ambapo hawezi kujibiwa. Lakini kabla sijajua ninachofanya mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba," akaitikia, na tayari alikuwa anamtazama aliyefuata nyuma yangu.